Harusi iliyonenepa

Mzee muuza mawese kutoka Ujiji aliingia steshenari kwangu Mwanga, akachungulia nje mara mbili, ndipo akatoa fleshi mfukoni kama anayetoa hirizi. Ndani mlikuwa na picha moja, ya harusi yake. Alioa 2018, lakini kamera ya mpiga picha betri ilikuwa imekufa, saa ikarudi mwanzo, picha ikajiandika 2008. Shemeji yake akasoma hiyo tarehe kwenye simu: "Kumbe ng'ombe wetu wawili wa mahari tunakudai tangu 2008!" Mwaka wa harusi anaujua, pilau alikula mwenyewe, ila kilichoandikwa kimeandikwa.

"Hiyo dakika mbili tu, mzee wangu," nikasema.

Nikaifungua ile picha, faili la aina ya JPEG, kwa Notepad, programu ya kuandikia maandishi matupu. Juu kabisa ÿØÿá, kisha neno Exif, yaani taarifa ambazo kamera huzipachika ndani ya picha, na katikati ya takataka nyingine 2008:01:01 00:14:37, imeanikwa wazi kama dagaa juu ya chanja. Nikafuta 0, nikaweka 1. Wakati wa kuhifadhi, kwa mazoea ya kuchapa barua za watu, nikachagua UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi.

Picha ikagoma kufunguka. Faili la MB 2 likawa la MB 3 na ushee.

"Imenenepa?" mzee akauliza.

Ilinenepa kweli. Picha si maandishi. Kila baiti, kile kipande kidogo cha faili, ni namba, kuanzia 00 hadi FF kwa hesabu ya kompyuta, ambamo baada ya 9 huja A hadi F. Notepad huisoma namba kama herufi, na UTF-8 huandika kila herufi iliyopita 7F kwa baiti mbili au tatu. Baiti za namna hiyo kwenye JPEG ni karibu nusu. FF D8, zile ÿØ za mwanzo, ambazo bila hizo JPEG haitambuliki, zikawa C3 BF C3 98. Hilo ningeweza kulirudisha kinyumenyume, lakini Notepad ile ilikuwa imegeuza na kila 00 kuwa 20, yaani nafasi, na nafasi halali huwezi tena kuitofautisha na nafasi ya kubandikwa.

"Nakala nyingine iko wapi, mzee?"

Akanyamaza muda mrefu. "Kwa shemeji."

Alirudi siku ya tatu na fleshi, na uso ambao sikuuliza kitu.

Safari hii nilinakili picha kwenye kompyuta kwanza, fleshi nikaichomoa. Nikaifungua kwa HxD, programu ya kuhariri baiti zenyewe: kushoto namba, kulia maandishi. 2008 ni 32 30 30 38. Ile 30 ya pili nikaiandika 31 juu yake, ikawa nyekundu. Narudia, juu yake. Ukipenyeza hata baiti moja, zote zilizo nyuma yake zinasogea, na Exif hutafuta vitu vyake kwa kuhesabu hatua. Tarehe ina baiti 20: 19 za maandishi na 00 ya kufungia. (Wa Linux watasema vim -b, halafu :%!xxd, na :%!xxd -r kabla ya kuhifadhi. Sawa, ila warekebishe namba za kushoto. Maandishi ya kulia ni pambo, ukiyabadilisha hayarudi kwenye faili.)

Nikahifadhi. Ukubwa uleule, hata baiti haikuongezeka. Picha ikafunguka, bibi harusi anang'aa. Tarehe: 2008.

"Kijana," mzee akasema taratibu, "wewe umeoa?"

Exif huandika tarehe mara tatu: ya faili kubadilishwa, ya picha kupigwa, na ya kuingizwa kidijitali. Mimi nilibadilisha ya kwanza, kompyuta inaonyesha ya kupigwa. Nikabonyeza Ctrl+F, nikatafuta 2008: pamoja na nukta mbili zake, nikazirekebisha mbili zilizobaki.

Shemeji alifuata picha yake mwenyewe. Akaifungua palepale mezani kwangu, akasoma 2018, akatikisa kichwa.

"Haya, miaka kumi nimesamehe," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Hebu tusaidie na hiyo kompyuta yako: ng'ombe wawili tangu 2018, mpaka leo wangekuwa wameshazaa wangapi?"