Wazee wanaacha dawa za tezi dume kwasababu hakuna aliyewaambia wasubiri

Nikisikia mtu anasema dawa za tezi dume hazisaidii naumia, maana nimeyaona hayo nyumbani kwetu.

Mzee wangu ana miaka 71. Usiku alikuwa anaamka mara tano mara sita, nasikia komeo la mlango wa uani, kimya kirefu, matone mawili matatu, anarudi kulala, nusu saa haijaisha komeo tena. Akaandikiwa tamsulosini na finasteraidi. Tamsulosini inalegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi yenyewe, kwahiyo siku chache tu mkojo ukaanza kutoka vizuri mzee akafurahi kweli. Sasa hii finasteraidi ya mg 5 yeye haoni inafanya nini, mwezi na nusu akaiacha kimyakimya, nimekuja kuikuta chini ya godoro, boksi jingine halijafunguliwa. Namuuliza ananiambia "mwanangu, hii nameza bure tu, hela inaenda".

Hakukosea yeye. Alipewa vidonge, kaandikiwa 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, basi. Hakuambiwa kwamba hii ndo inazuia homoni inayokuza tezi, na tezi kusinyaa inachukua hata miezi sita, tena inapungua kama robo hivi, lakini ndo inayompunguzia hatari ya mkojo kuziba ghafla akawekewa mpira wa kutolea mkojo au akaishia kwenye upasuaji.

Na kuna mengine hayasemwi. Tamsulosini inaweza kuleta kizunguzungu ukiinuka ghafla, mzee akae kwanza kitandani ndo asimame. Finasteraidi inaweza kupunguza nguvu za kiume, na hili wazee wanaona aibu kulitaja hata kwa daktari, wanaacha dawa tu. Halafu inashusha karibu nusu namba ya PSA, kile kipimo cha damu kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, kwahiyo anayesoma majibu lazima ajue mzee yuko kwenye hiyo dawa, la sivyo saratani inaweza kujificha nyuma ya namba inayoonekana nzuri. Hata dawa za mafua za dukani, baadhi zinabana mkojo, muulizeni mfamasia kabla hamjamnunulia baba.

Haya yote ni maelezo ya dakika tano, jamani. Mzee nilimweleza tumekaa barazani, akanyamaza, akauliza "kumbe miezi sita?" Kesho yake tukarudi kwa daktari akamwanzishia upya, na tarehe kaiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu ubavuni mwa boksi.