Puti si dawa ya kutu

Kipovu kidogo cha rangi juu ya gurudumu la nyuma huwadanganya wengi. Mwenye gari hukiona kama doa la kupigwa msasa na kupakwa rangi, kumbe kutu ilianzia upande wa ndani, pale tope na maji hukaa, na hadi ifike kunyanyua rangi bati limeshaliwa. Kutu hujaa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huvimba. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bovu hutoa sauti butu. Ncha ikizama bila kulazimishwa, hapo ni kukata tu.

Fundi anayeziba tundu kwa puti, ule ujiuji wa kujazia bodi unaokauka ukawa mgumu, anakuuzia muda mfupi sana. Puti hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma, kwa hiyo kutu inaendelea kula chini yake bila kuonekana, na kiraka kizima hubanduka kama ganda.

Kabla ya kukata, chomoa betri, toa mazulia na plastiki za ndani, weka kizima moto karibu. Kazi ikiwa jirani na tangi la mafuta, tangi litoke kwanza. Kata kwa grenda na jiwe jembamba la milimita 1, uivuke kutu kwa sentimita 2 au 3 hadi ufikie bati safi linalong'aa. Wengi huona huruma hapa, wakabakiza ukingo uliochakaa ili kiraka kiwe kidogo. Bati la namna hiyo hutoboka moto wa kuchomelea unapoligusa, na kila ukijaribu kuliziba tundu hupanuka.

Kiraka kiwe na unene wa bati la awali, kwa kawaida milimita 0.8 hadi 1. Pembe zake zifanye za mviringo. Tumia mashine ya kuchomelea ya MIG, ile inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6, upige doti moja ya kuchomelea, uhamie upande wa pili, kisha usubiri hadi kiganja kivumilie kugusa. Endelea kuziba nafasi kati ya doti kwa mtindo huohuo. Haraka ya mstari mrefu hulipinda bati likawa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yatakayokudai puti kilo nzima. Nguzo za paa, chesi (fremu ya gari) na mahali mikanda ya usalama inapofungwa si pa kujifunzia. Mpe fundi aliyebobea.

Saga maungio, paka praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi ya kukinga chuma, siku hiyohiyo, kisha puti nyembamba juu yake, isizidi milimita 3. Hadena, dawa ya kugandisha puti, iwe takriban asilimia 2 ya uzito wa puti. Ikizidi, doa hutokeza juu ya rangi mpya. Sugua kwa msasa namba 80, 180, halafu 320, mkavu kila mara. Maji kwenye puti tupu ni kuikaribisha kutu upya.

Kinachosahauliwa zaidi ni upande usioonekana. Moto wa kuchomelea umeunguza kinga yote ya ndani, kwa hiyo rangi ikishakauka, nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu ndani ya kingo za chini ya milango, hadi uione ikichuruzika. Ikikoma kudondoka, pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji. Tundu moja lililozibwa na nta au tope linatosha kugeuza ukingo huo kuwa bakuli.