Kipimo cha difyusheni ya uti wa mgongo: kina kazi yake, ila sio kwa kila mgongo

Kuna jirani yangu hapa Uyole, miaka yote kabeba lumbesa za viazi, sasa mikono imekua mizito hata vifungo vya shati hafungi, akitembea anayumba kama kalewa na pombe hagusi. Kaambiwa apige MRI ya shingo, ile picha ya mashine ya sumaku, na aongezee picha ya difyusheni, basi kijiweni wakagawanyika, hawa wanasema anapigwa hela, wale wanasema ndo teknolojia hiyo.

Mi naona kila upande una kaukweli. Hicho kipimo cha difyusheni kinaangalia maji yanavyotembea ndani ya ugwe, ile kamba ya neva inayopita katikati ya pingili. Ugwe ukiwa mzima maji yanateleza kufuata urefu wa nyuzi, kukatiza ni shida, nyuzi zikiumia mpangilio unavurugika. Kompyuta inautolea huo mpangilio namba kati ya 0 na 1, ukivurugika namba inashuka.

Penye faida ya wazi ni stroku ya ugwe, yaani damu kukatika kufika kwenye ugwe. Mtu kaamka mzima, ghafla mgongo unamkata, muda si muda miguu haina nguvu. MRI ya kawaida masaa ya mwanzo inaweza kutoka safi kabisa huku difyusheni inaonyesha pamewaka, maana seli zimevimba na maji yamenasa. Hapo dokta anatofautisha na ugwe uliovimba kwa kinga ya mwili kujishambulia, ambao unatibiwa kwa stiroidi, dawa za kutuliza uvimbe, za dozi kubwa. Ni dakika chache tu za ziada, nani akatae? Japo ikipigwa mapema sana nayo inaweza kukosa.

Jirani yangu yake ni tofauti, diski, ile mito laini kati ya pingili, na mifupa vinabana ugwe taratibu. Ni kweli ile namba hushuka palipobanwa, wakati mwingine hata kabla doa halijaonekana kwenye picha ya kawaida. Lakini jamani ugwe wenyewe unene kama kidole kidogo, moyo ukidunda unatikisika, mgonjwa anapumua anameza mate, mifupa na hewa ya mapafu vinapindisha picha, na kama kawekewa vyuma ndo basi tena. Namba ya mashine hii haifanani na ya ile, na uzee nao unaishusha, kwahiyo hakuna namba ambayo ukifika tu unaambiwa haya panda kitandani upasuliwe. Vile vifungo vya shati na ile mwendo ya kuyumba, ukijumlisha na MRI ya kawaida, vinasema zaidi.

Nimemwambia apige ya kawaida, hela ya ziada iwe nauli ya kumuwahi daktari wa upasuaji wa neva, maana ugwe ukibanwa muda mrefu hata ukifunguliwa nguvu hazirudi zote.