Mteremko wa Bure Kutoka Kadutu

Tangu esanse, yaani petroli, ipande bei, madereva wa teksi wa Bukavu wamegeuka wataalamu wa miteremko. Mlima wanaupanda kwa machozi, lakini wakifika juu tu mkono unakwenda kwenye ufunguo: kontakti inakatwa, vitesi, yaani gia, vinaachwa huru, gari linashuka kimya kama jeneza.

Nilipanda Corolla moja ya zamani pale Kadutu nikiwa na mkoba wangu wa funguo na bisibisi. Tulibanana kama kawaida, abiria wawili mbele na wanne nyuma.

“Yaya fundi,” dereva akaniambia, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa, “kuanzia hapa hadi Nyawera hatunywi hata tone.”

Nikamweleza kwamba gari hili ni la sindano za kupulizia mafuta, si la kabureta. Ukiliacha ndani ya vitesi bila kukanyaga gesi, kompyuta yenyewe inazifunga sindano, mafuta hayaingii kabisa. Kuzima kunaokoa sifuri. Hata injini ikinguruma tu bila kazi, mteremko wa dakika tatu haumalizi robo kikombe.

“Injini inazunguka halafu hainywi? Yaya, hiyo ni injini ya mbinguni.”

Mama mmoja nyuma, beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, magotini, akasema tumwache papa aendeshe. Tukamwacha.

Sasa, breki za gari hili zinasaidiwa na upepo unaovutwa na injini. Injini ikizimwa, akiba iliyobaki inatosha kukanyaga mara mbili, tatu hivi. Dereva wetu alikuwa na mazoea ya kupigapiga pedali kwa sababu plaketi za breki zimekwisha, kwa hiyo akiba yote aliimaliza kwa kumpisha mbuzi. Kona iliyofuata, pedali ilikuwa jiwe. Usukani nao ukawa mzito, maana pampu yake huzungushwa na injini hiyo hiyo. Breki ya mkono ilibaki mkono tu. Kebo ilikatika zamani.

“Yesu wangu!” akaita dereva, akaanza kupapasa ufunguo.

“Usiurudishe nyuma, usukani utafunga! Weka ya tatu! Achilia ambreyaji! Sasa ya pili!”

Klachi ilipoachiliwa, injini ikalia, gari likashtuka, sambaza wakaruka wote kwa pamoja wakatuangukia shingoni. Mwendo ukapungua, ila si wa kutosha. Tukapanda taratibu juu ya magunia ya makala, yaani makaa, yaliyopangwa kando ya barabara, pua ikatazama mawingu.

Tulitoka weusi, na magamba yanang'aa juu ya weusi. Mwenye makala hakupiga kelele. Alihesabu magunia yaliyopasuka, matatu, akanyoosha kiganja. Nauli zetu zote zikapitia mkononi mwa dereva bila kupumzika. Mama wa sambaza akasimama nyuma yake, naye kiganja wazi.

Tukalishusha gari. Dereva akawasha: kwi-kwi-kwi, kimya. Lita mbili alizonunua asubuhi kwa Kadhafi, muuza esanse wa kando ya barabara, zilikuwa zimekimbilia upande wa pili wa tenki tulipoinama, na pampu ikavuta hewa. Nikamwambia atikise gari, awashe na kuzima kontakti mara kadhaa ili mfereji ujae tena.

Hakunisikia. Alikuwa ameshageukia abiria, uso mweusi, meno meupe.

“Mama, papa, sukumeni kidogo tu. Pale mbele kuna kateremko.”