Shemeji na cheo cha marshali wa angani

Shemeji yangu ni msimamizi wa wakaguzi wa abiria kwenye uwanja mmoja mkubwa wa ndege huku Marekani. Shati la buluu, beji kifuani, alama za cheo mabegani, redio kiunoni. Akienda likizo Tanga vijana wa mtaani humwita afande, na sijawahi kumsikia akiwasahihisha. Mwanzoni mwa mwaka huu alinipigia usiku, sauti imechangamka. Kaona tangazo USAJOBS, ule mtandao wa kazi za serikali kuu. Wanatafuta Supervisory Federal Air Marshal, yaani msimamizi wa wale askari wanaosafiri ndani ya ndege wamevaa kiraia, bastola chini ya koti. Mwajiri ni TSA, taasisi ya serikali kuu ya usalama wa usafiri, ambako yeye anafanya kazi miaka yote hiyo. Na usimamizi anao tayari. "Shemeji, hii kaandikiwa mtu kama mimi. Njoo tuandike wasifu."

Tukakesha siku mbili na chai ya tangawizi. Siku ya tatu ndipo tukakumbuka kulisoma tangazo mpaka chini.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo nadhani Waswahili wengi wa huku hatulijui, hata wale wanaovaa sare hizo kila asubuhi. Mkaguzi wa TSA ana beji na anaitwa ofisa, lakini si askari. Hana mamlaka ya kumkamata mtu. Akiona bastola kwenye mashine ya eksirei anasimamisha mkanda na kuita polisi wa uwanja. Marshali wa angani ni askari kamili kwa sheria ya serikali kuu, anabeba silaha na anakamata. Wote wawili mshahara wao unatoka TSA, ila mbele ya sheria ya ajira na ya pensheni mmoja ni raia mwenye sare na mwingine ni mtekelezaji wa sheria. Miaka ya yule wa kwanza, hata iwe 20, haihesabiki kwa yule wa pili.

Halafu kuna ngazi. TSA haitumii ngazi za GS, ule mfumo wa kawaida wa vyeo na mishahara ya serikali kuu, kama wizara nyingine. Tangu ilipoanzishwa kwa sheria ya Novemba 2001 ina mfumo wake wa bendi za herufi, kuanzia A mpaka M. Shemeji yuko G. Nafasi aliyoitamani ni J, na kanuni ni kwamba uwe umefanya kazi inayolingana na bendi ya chini yake, yaani I, kwa mwaka mmoja usiopungua. Shahada haizibi pengo hilo. Shemeji ana shahada ya uzamili ya utawala aliyoisoma usiku kwa miaka mitatu, na nilimwona anavyoitazama ile sentensi ya kwamba elimu haichukui nafasi ya uzoefu. Akanyamaza kidogo. "Basi ile ada ningejengea uzio."

Mimi, pamoja na kumwonea huruma, naiunga mkono kanuni hiyo. Kwa kazi hii hasa, msimamizi asiyewahi kukaa kwenye kiti cha ndege na silaha, peke yake na mwenzake mmoja au wawili, futi 30,000 juu, hakuna polisi wa kuitwa, atawasimamia watu wasiofanana naye. Mwaka 2020 GAO, mkaguzi wa serikali anayefanya kazi kwa niaba ya Bunge la Marekani, ilitoa ripoti kuhusu afya za marshali, na moja ya mambo iliyoyakuta ni kwamba TSA haikuwa ikifuatilia kama ratiba zao zinafuata miongozo ya saa za kazi na za kupumzika. Mtu wa shahada tupu ataisoma ripoti hiyo kama karatasi. Aliyewahi kusinzia macho wazi kwenye ndege ya usiku kutoka pwani moja hadi nyingine ataisoma kwa mgongo wake.

Sheria ya pensheni nayo inasukuma upande huohuo. Kwenye FERS, mfumo wa pensheni wa watumishi wa serikali kuu, kazi za askari zimegawanywa mafungu mawili: za kwanza ni za ulingoni, za pili ni za usimamizi. Ili mtu aende fungu la pili na haki zake za pensheni ya askari zisikatike, anatakiwa awe amemaliza miaka 3 ulingoni, na ahame moja kwa moja bila kukaa nje zaidi ya siku 3. Ndiyo maana hata zile nafasi za juu zinazokaa viwanjani, kama msaidizi wa mkurugenzi wa usalama anayeshughulikia mambo ya kiaskari, huchukuliwa na watu waliotoka kwa marshali, si waliotoka kwenye mstari wa ukaguzi.

Lakini ugomvi wangu na mfumo huu uko kwenye umri.

Askari wa serikali kuu anaweza kustaafu akiwa na miaka 50 kama ametumikia 20, na akifika 57 na miaka yake 20 imetimia, hana hiari tena, anatoka. Kwa kuwa mwisho umefungwa, mwanzo nao umefungwa: lazima uteuliwe kabla ya kutimiza miaka 37. Wanaosamehewa ni wachache, hasa waliowahi kutumikia jeshi wenye haki ya upendeleo na wale waliokwisha kuwa askari wa serikali kuu.

Sasa chukua kijana wa kwetu. Kashinda bahati nasibu ya green card, kafika Marekani na miaka 31. Si mzee, huo ndio umri ambao wengi tunafika, baada ya chuo, baada ya kuhangaika na ajira nyumbani. Uraia ni lazima kwa kazi hii, na uraia unataka miaka 5 ya ukaazi, au 3 kama ameoa raia. Amefika 36. Ongeza miezi ya kusubiri kiapo, halafu vipimo vya afya, mazoezi ya mwili, uchunguzi wa nyendo. Mlango unamfungia mkono ukiwa kwenye kitasa. Na kwa kuwa wasimamizi wanatoka kwa marshali, aliyekosa umarshali akiwa na 36 amekosa pia usimamizi wa miaka 48, ingawa tangazo hilo la pili litatoka yeye akiwa bado na nguvu zake zote. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo kwa kutuwinda, nakubali. Lakini ukiuliza kwa nini meza za juu za taasisi hizi hazina watu waliofika nchi hii wakubwa, anza na hesabu hiyo kabla hujaanza na ubaguzi.

Waliokuja wadogo nao wana mtego wao. Mwanamume aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1959 anatakiwa awe alijiandikisha Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, na wahamiaji wenye ukaazi hawakuachwa nje: ukiingia kabla ya kutimiza 26, unajiandikisha. Nawajua wawili walioidharau ile karatasi wakidhani ni ya Wamarekani. Baada ya 26 dirisha limefungwa, na serikali kuu ikikuuliza utabaki kujieleza kwa barua.

Pia kuna SF-86, fomu ya kuchunguzwa maisha yako, kwa sababu kazi inataka kibali cha kuona siri kuu za serikali. Nimeiona. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Ohio pengine ni kazi ya wikiendi mbili. Kwa Mswahili ni msimu wa kiangazi mzima. Wanataka ndugu walio nje, na hapa ndugu wetu wanaanzia wapi na kuishia wapi? Wanataka mali ya nje: kile kiwanja cha Kigamboni ulichonunua kwa jina la mama, nacho kina maelezo yake. Wanauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Jamani! Nani kati yetu hajawahi? Ada ya mpwa, bati za babu, mchango wa msiba uliotumwa kwa simu saa nane usiku. Kutuma pesa si kosa, na fomu haisemi ni kosa. Kosa ni kuficha. Lakini mtu wetu, akiona swali hilo, silika yake ni kusema hapana ili mambo yaishe, na hapo ndipo anapojichimbia shimo, maana ukweli mdogo uliofichwa unamuumiza kuliko orodha ndefu iliyoandikwa yote. (Wakenya wana nafuu kidogo: katiba yao ya 2010 imewaruhusu uraia pacha. Shemeji yeye alirudisha pasipoti ya Tanzania, akalia, akaenda kazini.)

Tuseme umevuka yote hayo. Ni raia, uliingia umarshali na miaka 28, umeruka miaka kumi, na sasa unaomba usimamizi. Unaandika nini?

Kazi ya marshali ikienda vizuri hakuna kinachotokea. Ndege inapaa, watu wanakula karanga, ndege inatua. Mwaka 2009 mbunge John Duncan wa Tennessee alisimama bungeni akapiga hesabu kwamba idara hiyo inakamata watu wanne hivi kwa mwaka, akasema kila mkamato unagharimu dola milioni 200. Sikubaliani na mizani yake, kwani mlinzi wa getini haupimwi ulinzi wake kwa idadi ya wezi aliowashika. Ila alilolisema linamrudia marshali siku anapoandika wasifu, kwa sababu wasifu wa serikali unataka matendo, tarehe za mwezi na mwaka, idadi ya watu, idadi ya saa. "Safari zote zilifika salama" si ule uzoefu maalumu unaodaiwa na tangazo.

Kwa hiyo wanaokidhi ni wale waliokuwa na kazi nyingine chini, ardhini: waliokaimu usimamizi, waliopanga ratiba, waliofundisha shabaha, waliopelekwa kwenye vikosi vya pamoja na FBI, waliotoka na VIPR, timu za ulinzi za TSA, kwenye vituo vya treni na mabasi. Aliyeruka tu, kwa uaminifu, bila kukosa, huyo karatasi yake ni nyeupe. Naona si haki kamili, lakini kama kuna kijana marshali anasoma hapa, ushauri wangu ni wa kibiashara: omba hizo kazi za kando tangu mwaka wako wa tatu, hata kama hazina posho.

Na dodoso! Waombaji wengi wa kazi za serikali hupewa orodha ya kazi na kuambiwa wajipime, kuanzia "sina uzoefu" hadi "natambuliwa kuwa mtaalamu, wengine huniuliza". Sisi tumelelewa na chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shemeji alijipima "nafanya kwa kusimamiwa" kwenye jambo ambalo yeye ndiye huwafundisha wengine. Nikamuuliza kwa nini. "Si vizuri kujisifu." Wakati huohuo mwenzake wa zamu mwenye miezi sita kajaza utaalamu kuanzia juu mpaka chini. Sheria iliyosainiwa Desemba 2024 imeanza kuzisukuma taasisi ziache kutegemea mtu ajipime mwenyewe, na kwa maoni yangu imechelewa. Tena tangu mwishoni mwa Septemba 2025 wasifu wa USAJOBS haupaswi kuzidi kurasa 2. Zamani tulikuwa tunamwaga sita. Sasa mnyenyekevu akitumia nusu ukurasa kuorodhesha semina, amekwisha.

Shemeji ana miaka 44. Umarshali umempita, na tulilizungumza hilo bila kulizungusha. Lakini bendi ya H kuna meneja wa usalama wa uwanja, ambako miaka yake ya G inahesabika yote. Juzi alinitumia rasimu. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Nimesaidia kusimamia wafanyakazi." Nikampigia, tukabishana karibu saa nzima juu ya neno "kusaidia". Wafanyakazi wangapi? Thelathini na mbili. Zamu gani? Ya alfajiri, mistari minane. Nani alikuwa juu yako hiyo saa kumi usiku? Kimya. Halafu akacheka. "Hakukuwa na mtu, shemeji."

"Basi andika hivyo."