Uganda haina pwani, lakini ina haki kwenye kilindi

Mtu wa Kasese ana haki ya kuuliza uchimbaji wa madini kwenye kilindi cha Pasifiki unamhusu nini, wakati Ziwa Victoria lenyewe kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Unamhusu. Mwaka 1990 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, unaosema sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa binadamu, wenye pwani na wasio nayo.

Kati ya Hawaii na Meksiko, mita 4,000 hadi 6,000 kwenda chini, yametapakaa mawe meusi ya ukubwa wa viazi, yenye manganisi, nikeli, shaba na kobalti. Jiwe moja hukua milimita chache kwa miaka milioni.

Wanaotaka yachimbwe wana hoja nzito. Betri zinahitaji madini hayo, na kule hakuna kijiji cha kuhamishwa. Faida nayo, kwa mujibu wa mkataba, ni ya kugawana. Siwabezi, maana mgodi wa nchi kavu tunaujua. Mgodi wa Kilembe, hukohuko Kasese, uliacha kuchimba shaba mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini masalia yake yangali kandokando ya mto Nyamwamba, na mto ukifurika huyashusha mpaka mashambani.

Lakini Kilembe hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisite. Mwaka 1989 watafiti wa Kijerumani walilima kipande cha sakafu ya bahari mbali na pwani ya Peru, kuona uchimbaji ungeacha madhara gani. Wanasayansi waliporudi mwaka 2015, alama za jembe zilikuwa bado zinaonekana. Viumbe wengi wa huko hujishikiza kwenye mawe yenyewe, na wengi hawajapewa hata jina.

Tena huo mgao una mashaka. Marekani haijaridhia mkataba, na Aprili 2025 rais wake alitia saini amri ya kuharakisha uchimbaji hata nje ya mipaka yake. Kobalti ya baharini ikifurika sokoni na bei ikaanguka, Kongo na Zambia zitaumia, na ndoto ya kufufua Kilembe, yenye kobalti pia, itafifia.

Zaidi ya nchi 30 zimetaka uchimbaji usubiri. Uganda ijiunge nazo, na ujumbe wetu ukienda Kingston, Jamaika, yaliko makao ya mamlaka inayosimamia sakafu hiyo, udai kanuni za mgao na za fidia ziandikwe kabla ya leseni yoyote ya kuchimba kutolewa.