Ndoana inaning'inia, stendi inazama

Hivi nani aliwadanganya watu kwamba ufito wa kuvulia unafungwa kwenye pikipiki ukiwa na ndoana yake? Mtu anahama bwawa hili kwenda lile, kilomita 5 tu, anaona uvivu kukata mshipi. Upepo unaulegeza, ndoana inacheza, mara imeng'ata kiti, mara paja la abiria. Mshipi nao ukijizungusha kwenye ekseli ya nyuma unaweza kukata sili, ule mpira unaoziba beringi, kisha maji na vumbi vinaingia kwenye beringi. Kata mshipi, ndoana iingie koponi. Ufito uchomoe vipande vyake, ulaze kwa urefu wa pikipiki, funga sehemu 2, mbali na eksozi.

Halafu ile stendi ya pembeni! Ukingo wa mto ni tope, ncha ya stendi haizidi vidole viwili, na pikipiki imeegemea hapo. Macho yako kwenye boya, huku nyuma chuma kinazama polepole, mara puu! Mkono wa klachi umepinda. Kipande cha ubao, sentimita 10 kwa 10, kinatosha kabisa. Lakini wapi, nafasi yote kwenye pikipiki imejaa spika za muziki.